Sharti la brekipointi lililofuta michango ya watu 40

Karibuni ndugu watazamaji. Niko Kampala, na programu ya leo ni ndogo: inasoma michango ya wanachama 40 wa steji ya bodaboda, kila mmoja shilingi 5,000, kisha inajumlisha. Jumla inatoka 195,000. Kuna mtu mmoja anasomeka sifuri, na risiti anayo mkononi. Tumtafute kwa GDB, ambayo ni dibaga, yaani programu ya kutafutia makosa ndani ya programu nyingine.

Programu yetu imeandikwa kwa lugha ya C, kwa hiyo kwanza tuikompaili kwa GCC: andika `gcc -g -O0 akiba.c -o akiba`. Hiyo `-g` usiiache, maana bila hiyo dibaga haitayajua majina ya vigeu vyako. Kisha `gdb ./akiba`.

Mstari wa 18 ndio unaojumlisha: `jumla += kiasi;`. Tunataka programu isimame hapo, yaani tuweke brekipointi, lakini kwa sharti: pale tu kiasi kinapokuwa sifuri. Tazameni vizuri ninavyoandika: `break 18 if kiasi = 0`. GDB imepokea bila neno. Sasa `run`.

Imepita moja kwa moja, haikusimama popote. Na oneni jumla: 0!

Hapa mimi nilipoteza jioni nzima nikidhani faili la michango limefutika. Kumbe katika C alama moja ya `=` ni kuweka, si kulinganisha, na GDB hulitekeleza sharti hilo kwenye kumbukumbu ya programu yenyewe. Kila ilipofika mstari wa 18, kabla ya kujumlisha, iliweka 0 ndani ya kiasi. Kuweka 0 kunaleta jibu 0, yaani si kweli, basi ikaendelea na safari. Watu wote 40 wakafutiwa fedha kimyakimya. Ungeandika `kiasi = 5000`, ingesimama kwa kila mtu, na kila mtu angeonekana amelipa. Kosa kama hili ukilifanya ndani ya `if` ya C, GCC yenye `-Wall` hukuonya. GDB haikuonyi, kwa hiyo jicho lako ndilo kinga.

Turekebishe. `info breakpoints` inatuonyesha sharti lenyewe, `kiasi = 0`. Huna haja ya kufuta chochote: `condition 1 kiasi == 0`, halafu `run` tena.

Imesimama! `i` ndiyo namba ya mwanachama anayesomwa; `print i` inatoa 22, na kwa kuwa tunahesabu kuanzia 0, huyu ni mwanachama wa 23. Fungua faili la michango, mstari wa 23. Aliyeandika ametia `Sh` mbele ya 5000, na `atoi`, ile fanksheni ya C inayogeuza maandishi kuwa namba, ikikuta herufi mwanzoni hurudisha 0. Futa hizo herufi mbili, hifadhi, endesha upya: 200,000.