Hesabu Husomwa Mbele ya Wenye Mali

Mheshimiwa Mwenyekiti, walimu, wanafunzi wa uhasibu na fedha, na wazee mliosafiri kutoka Mbozi na Rungwe: shikamooni. Mugonile. Na waliotoka Iringa, kamwene.

Nimeombwa nizungumzie safari ya kijana wa fedha hadi uongozi wa taifa, nami nimemchagua Rishi Sunak, aliyekuwa Waziri Mkuu wa Uingereza kuanzia Oktoba 2022 hadi Julai 2024. Wanaonifahamu wanajua ninakoelekea, kwa sababu jambo hili nimelisema kwenye mikutano ya ushirika kwa miaka mingi na nitaendelea kulisema: mtu wa fedha anayetaka kuongoza lazima aweze kuisoma hesabu yake mbele ya wenye mali mpaka waielewe na waweze kuipinga. Asipoweza, usahihi wa hesabu hautamsaidia yeye wala wao.

Mama yake Sunak alizaliwa huku kwetu, enzi za Tanganyika, na baba yake alizaliwa Kenya. Bibi yake mzaa mama aliuza vito vyake vya harusi, mwaka 1966 akaenda Uingereza peke yake, na ilimchukua karibu mwaka mzima kuweka akiba ya kuwaita mume na watoto. Binti yake akawa mfamasia, akaendesha duka la dawa mjini Southampton, na mjukuu, aliyezaliwa mwaka 1980, akawa anamsaidia mama yake kuandika vitabu vya duka. Wanafunzi wengi wakisoma habari zake hukimbilia vyuo vya Oxford na Stanford, benki ya Goldman Sachs na mifuko ya uwekezaji ya London. Mimi hubaki pale kaunta, kwa sababu anayeandika vitabu vya duka dogo anamjua aliyelipa, anamjua anayedaiwa, na anamjua msaidizi ambaye mshahara wake ukichelewa hatakuwa na nauli.

Aliingia bungeni mwaka 2015. Tarehe 13 Februari 2020, akiwa na miaka 39, akawa Waziri wa Fedha, na wiki chache baadaye korona ikafunga nchi. Machi 20 akatangaza kwamba serikali italipa asilimia 80 ya mshahara wa mfanyakazi ambaye mwajiri wake amelazimika kumsimamisha kazi, kwa kikomo cha pauni 2,500 kwa mwezi. Angalieni jinsi hesabu ile ilivyosemwa. Mfanyakazi wa pauni 2,000 hakuhitaji mhasibu ili ajue atapata 1,600. Mpango ule uligusa ajira zaidi ya milioni 11 na uligharimu takriban pauni bilioni 70, lakini hakuna aliyekumbuka bilioni 70. Kila mmoja alikumbuka fungu lake, na jina la kijana likapanda.

Sasa njooni majira ya joto ya mwaka 2022, anapogombea uongozi wa chama chake, na pamoja nao uwaziri mkuu, dhidi ya Liz Truss. Sunak alionya kwamba kodi zikipunguzwa kwa fedha za kukopa wakati mfumuko wa bei uko juu, riba itapanda na wenye mikopo ya nyumba wataumia. Mpinzani wake aliahidi kupunguza kodi. Wanachama wakampa Truss kura 81,326 na Sunak 60,399. Tarehe 23 Septemba serikali mpya ikatangaza punguzo la kodi la takriban pauni bilioni 45 bila kuonyesha fedha zitatoka wapi. Siku tatu baadaye pauni ikashuka kuliko ilivyowahi kushuka dhidi ya dola, na Benki Kuu ikalazimika kununua hatifungani za serikali, yaani hati za mikopo yake, ili kuokoa mifuko ya pensheni. Kabla Oktoba haijaisha Truss ameondoka, na Sunak ameingia bila kura ya wanachama kwa sababu hakubaki mgombea mwingine. Alikuwa sahihi, na alikuwa ameshindwa. Kwa nini?

Ili nijibu, niruhusuni nirudi Mbozi. Najua wapo mliokwisha kulisikia hili.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita, nimetumwa kusoma taarifa ya mapato na matumizi ya chama kimoja cha ushirika cha wakulima wa kahawa. Mkutano ulikuwa ndani ya ghala, wanachama wameketi kwenye mabenchi na juu ya magunia matupu. Nikasoma mauzo ya mnadani, makato, ziada, na mizania iliyolingana pande zote mbili hadi senti ya mwisho. Nilisoma kwa dakika arobaini. Nilipomaliza, mama mmoja alifungua pindo la kitenge chake, akatoa stakabadhi tano zilizokunjwa na kukunjuliwa mpaka zimelainika kama kitambaa, akasema: «Mwanangu, hayo mamilioni ni ya chama. Mimi nimeleta kilo mia mbili na nane. Nigawie kwa kilo moja.»

Sikuweza. Nikamjibu kwamba mchanganuo umo katika kiambatisho. Akaniuliza: «Hicho kiambatisho si ndicho ulichokishika?»

Nikaketi naye benchini, penseli mkononi, tukagawa kila mstari wa makato kwa kilo. Ukoboaji, ushuru, usafiri shilingi arobaini, magunia. Halafu mwishoni «gharama nyinginezo», shilingi arobaini. Akaweka kidole pale. Gharama gani hizo zinazolingana na usafiri? Nikapekua hati za malipo mbele ya watu wote, na kumbe ilikuwa bili ileile ya gari, imeandikwa mara moja na chama na mara ya pili kupitia makato ya kiwandani. «Gari lilipakia hapa mara moja tu,» akasema yule mama, «nilikuwepo.» Mizania yangu ilikuwa imelingana kwa sababu kosa lenyewe lilikuwa limeandikwa pande zote mbili. Fedha zile zilirudi kwa wakulima katika malipo ya pili ya msimu uleule, na tangu siku hiyo sijawahi kusoma taarifa yoyote kabla ya kuigawa kwa kilo, kwa mwanachama, au kwa kaya.

Kwa maoni yangu, katika majira yale ya joto Sunak alisoma mamilioni. Aliyekuwa na mkopo wa nyumba alihitaji kuambiwa rejesho lake la mwezi litaongezeka kwa pauni ngapi, kwa uwazi uleule wa asilimia 80 ya mwaka 2020. Hakuambiwa hivyo, na ahadi ya kupunguziwa kodi ilikuwa nyepesi kuibeba.

Alipokuwa Waziri Mkuu akarudia kosa hilohilo. Januari 2023 aliahidi kupunguza mfumuko wa bei kwa nusu, na ahadi hiyo aliitimiza: ulikuwa asilimia 11.1 mwezi Oktoba 2022, ukawa asilimia 4.6 mwaka mmoja baadaye. Lakini gawanyeni. Bidhaa ya shilingi 1,000 iliyopanda kwa asilimia 11.1 imekuwa 1,111, na ikipanda tena kwa asilimia 4.6 inakuwa 1,162. Waziri anashangilia kushuka kwa mfumuko, na mama aliyesimama mbele ya duka la unga pale Mwanjelwa, au wa Southampton, anaona bei bado inapanda. Wote wawili wanasema kweli, ila ni mmoja tu aliyeombwa kura. Julai 4, 2024, chama cha Sunak kilishindwa uchaguzi, kikabaki na viti 121 tu bungeni.

Najua yupo atakayesema kwamba Sunak aliangushwa na utajiri: kwamba mkewe ni binti wa mmoja wa waanzilishi wa Infosys, kampuni ya kompyuta ya India, na kwamba mwaka 2022 ilijulikana kuwa mke huyo hakuwa akilipa kodi Uingereza kwa mapato yake ya nje, jambo lililoruhusiwa na sheria za huko. Na chama chake kilikuwa kimekaa madarakani miaka kumi na minne. Nakubali, hayo yalimuumiza. Ila ninyi mnaotoka kwenye nyumba za kawaida msijifiche nyuma ya utajiri wake, kwa sababu nimewasikia wahasibu wasio na hata baiskeli wakisoma taarifa vilevile.

Atatokea mwingine aseme wananchi wetu hawataki hesabu, wanataka kofia na fulana. Hili linanikasirisha kila ninapolisikia. Mkulima wa viazi wa Uporoto anayebishana na dalali juu ya lumbesa, lile gunia lililojazwa kupita kipimo, anafanya hesabu ya ujazo, bei na hasara kichwani, barabarani, mvua ikinyesha. Kama hakuelewi unaposoma bajeti ya halmashauri, kasoro iko kwenye usomaji wako.

Nilikusudia kumzungumzia pia Emmanuel Macron, aliyetoka benki ya Rothschild akawa Rais wa Ufaransa mwaka 2017 akiwa na miaka 39, kisha mwaka 2018 kodi ya mafuta ikawatoa watu barabarani wakiwa na vizibao vya njano. Hesabu yake ya mazingira haikugawiwa kwa lita za mtu wa kijijini anayekwenda kazini kwa gari. Muda hauruhusu. Niseme tu kwamba kwa Katiba yetu asingeweza hata kugombea, kwa sababu urais unataka miaka 40. Ubunge ni miaka 21, na wengi wenu humu mmeshaifikisha, kwa hiyo msiseme nafasi haipo.

Mezani kwa mwalimu wenu nimeacha nakala za taarifa ya mapato na matumizi ya halmashauri, kurasa mbili, pamoja na fungu la asilimia 10 ya mapato ya ndani linalokopeshwa kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Kila mmoja achukue moja. Isomeni kwa watu watatu ambao hawakusoma uhasibu, nyumbani, sokoni au kanisani, na mniandikie maswali yao kama walivyoyauliza, bila kuyanyoosha. Nitarudi Ijumaa ijayo kuyasoma.