Mvuke au ukungu? Haidrojeni peroksaidi katika kuua vijidudu vyumbani

Ndugu zangu, mashine hizi mbili zinakunywa dawa ya jina moja, lakini kazi zake si moja.

Hii ya kushoto hupuliza ukungu wa dawa ya asilimia 5 hadi 7, mara nyingi imetiwa madini ya fedha kidogo. Chukueni chumba cha mita 5 kwa 4, kwenda juu mita 3: ni mita za ujazo 60. Mtengenezaji akitaka mililita 6 kwa kila mita ya ujazo, utajaza mililita 360. Tatizo ni kwamba ukungu ni matone, na matone hutua. Nyuma ya friji au chini ya kitanda, dawa hufika kwa kubahatisha.

Ya kulia huchemsha dawa ya asilimia 30 hadi 35 ikawa mvuke, nao hupenya kokote hewa inakopita. Zipo zinazokausha chumba kwanza, unyevu ushuke chini ya asilimia 40. Zipo zinazoongeza mvuke hadi utando usioonekana utande juu ya vitu. Penye vifaa vya elektroniki, mimi ningechukua ile kavu.

Zote mbili hushindwa na uchafu. Damu iliyoganda ina katalasi, kimeng'enya kinachovunja peroksaidi kuwa maji na oksijeni. Ndiyo lile povu la kwenye kidonda. Kwa hiyo osha kwa sabuni, suuza, kausha. Maboksi, mapazia na taulo toa nje: hufyonza dawa, kisha huirudisha hewani polepole, mkasubiri mlangoni saa nzima zaidi. Zima kiyoyozi, ziba matundu kwa tepu, acha droo wazi.

Halafu kipimo. Karatasi ya kubadilika rangi husema dawa imefika, haisemi imeua. Tumia visahani vya chuma vyenye spora milioni 1 (mbegu ngumu za bakteria, zisizokufa kirahisi) za bakteria aitwaye Geobacillus stearothermophilus. Weka ndani ya droo na nyuma ya friji. Anayeviweka mbele ya mdomo wa mashine anajidanganya. Baadaye viotesheni ndani ya mchuzi wa kukuzia bakteria, kwenye nyuzi 55 hadi 60. Mchuzi ukichafuka, spora zimepona.

Msiingie kabla mita ya kupima dawa hewani haijasoma chini ya ppm 1 (sehemu moja katika milioni). Pua si mita. Na anayemimina ile ya asilimia 35 avae miwani na glavu: tone moja hugeuza ngozi kuwa nyeupe, kisha huwasha.