Kiulizo Hakilindi Mpaka

Ndugu zangu wa Kisumu, rejeksi, yaani ruwaza za kutafutia maandishi, mnazijua, kwa hiyo sitaanza na utangulizi. Neno langu ni lile lile mnalolisikia kila mara: ukitaka kilichomo kati ya mabano, taja herufi ambazo haziruhusiwi humo ndani.

Tazameni mstari huu:

Kisumu (Kondele) hadi Nakuru (Section 58);

Mtu anaandika `\(.*\)` akitarajia Kondele: `\(` na `\)` ni mabano yenyewe, nukta ni herufi yoyote, nyota ni kuirudia mara zozote. Anapata `(Kondele) hadi Nakuru (Section 58)`, yote kwa mkupuo! Nyota ina ulafi. Humeza mpaka mwisho wa mstari, kisha hurudi nyuma herufi moja moja hadi ikute bano la kufunga, na ikitokea mwisho, la kwanza kulikuta ni lile la Section 58.

Mtaniambia, "Mwalimu, si tuongeze tu kiulizo, `\(.*?\)`?" Hapana, jamani! Hapa mtadhani mmepona. Haya, sasa mnataka tu mabano yanayofuatwa na nukta-mkato, mnaandika `\((.*?)\);`. Injini, yaani programu inayotafuta, inaanzia bano la kwanza, inafika mwisho wa Kondele, haioni nukta-mkato, inasonga mbele. Inawaletea `Kondele) hadi Nakuru (Section 58`. Kiulizo huiambia nyota ianze na kidogo, basi. Kuvuka mpaka hakijaikataza.

Kinachokataza ni kofia, ile `^` inayosema "herufi yoyote isipokuwa hizi": `\(([^()]*)\);`. Kundi la kwanza, yaani kilichomo katika mabano yasiyo na mkwaju `\`, linatoa `Section 58`, kwa sababu ndani haliruhusiwi bano la kufunga wala la kufungua. Msilisahau la kufungua! Hufanya kazi hata kwa `grep -E`, amri ya kutafuta maandishi katika faili, ambako kiulizo kile hakitegemeki.

Muda unakwisha, niharakishe. Nukta kwa kawaida haivuki mstari, lakini `[^()]` huvuka. Katika lugha ya Python, faili ikiwa na bano lililosahauliwa kufungwa, andikeni `[^()\n]*`, `\n` ikiwa ni mwisho wa mstari. Mipaka ikiwa maneno mazima, tuseme ANZA na MWISHO, kofia haitoshi, maana hukataa herufi moja moja, tumieni `ANZA((?:(?!MWISHO).)*)MWISHO`, ambamo `(?!MWISHO)` hukagua kila hatua kwamba neno MWISHO halianzii hapo, ila `grep -E` haiielewi, tumieni `grep -P`.

Na mabano ndani ya mabano? Hapo wekeni rejeksi kando. Someni herufi moja moja: bano likifunguka ongezeni moja, likifungwa toeni moja, hesabu ikirudi sifuri mmefika.