Jaji Aliyekataa Kujitoa

Mheshimiwa mwenyekiti, walimu wangu, nanyi wanafunzi wa sheria mliojaa mpaka kwenye ngazi: shikamooni wenye shikamoo yenu, na wengine hamjambo. Nimeombwa nizungumzie maisha ya jaji. Nitamzungumzia mmoja tu, Constance Baker Motley, jaji wa shirikisho, yaani wa mahakama za serikali kuu ya Marekani, huko New York tangu 1966 hadi alipofariki 2005.

Kwanza, jina lisitupoteze. Wamarekani huiita mahakama yake mahakama ya wilaya, lakini msiifananishe na ya wilaya ya kwetu. Kwenye mahakama za serikali kuu yao, hapo ndipo kesi inapoanzia: shahidi anaapishwa, anaulizwa, anatokwa jasho, na jaji anamwona kwa macho yake. Majaji wa rufaa husoma maandishi na kusikiliza hoja za mawakili tu. Jaji huyu huteuliwa na Rais, huthibitishwa na Seneti, na hukaa kitini maisha yake yote maadamu mwenendo wake ni mwema. Kwetu Tanzania jaji wa Mahakama Kuu hustaafu akitimiza miaka 60.

Motley alizaliwa 1921 mjini New Haven. Wazazi wake walihamia kutoka kisiwa cha Nevis huko Karibi, na baba alikuwa mpishi. Ada ya chuo haikuwepo, mpaka tajiri mmoja alipomsikia binti huyu akihutubia mkutano wa mtaani, akajitolea kumsomesha. Akasomea sheria Chuo Kikuu cha Columbia, akafanya kazi chini ya Thurgood Marshall, wakili mashuhuri wa haki za Wamarekani weusi, yule yule aliyewashauri wajumbe wa Kenya kwenye mazungumzo ya katiba ya Lancaster House mwaka 1960. Motley alisimama mara 10 mbele ya Mahakama ya Juu, akashinda kesi 9. Na mwaka 1962 ndiye wakili aliyemfungulia James Meredith, kijana mweusi, mlango wa Chuo Kikuu cha Mississippi kilichokuwa cha wazungu tu.

Ishikeni hiyo Mississippi. Rais Johnson alipompendekeza Januari 1966, kamati ya Seneti inayochuja majaji ilikuwa chini ya James Eastland, seneta wa jimbo hilo hilo. Jina la Motley likakaa hadi Agosti ndipo likapita. Akawa mwanamke mweusi wa kwanza kuwa jaji wa shirikisho.

Mwaka 1970 aliamua kesi ya mfungwa Martin Sostre, aliyefungiwa peke yake siku 372. Jaji alihesabu siku kwa siku: dola 25 za fidia kwa kila siku, na juu ya hizo dola 10 nyingine za kuwaadhibu waliomfungia. Jumla dola 13,020. Mwaka uliofuata mahakama ya rufaa ilizifuta zile za adhabu. Hiyo ndiyo hali ya jaji wa ngazi hii, wenzake wa juu humsahihisha hadharani. Lakini mimi hesabu ile hunigusa kila niisomapo, kwa sababu mle ndani kila siku ya mfungwa ina bei yake.

Sasa nifike nilikokuwa nakwenda. Mwaka 1975 aliletewa kesi ya wanawake walioishitaki kampuni kubwa ya mawakili kwamba inawabagua katika ajira. Kampuni ikamtaka ajitoe kwenye kesi hiyo, asikilize jaji mwingine. Hoja yake: jaji huyu ni mwanamke, ni mweusi, na ametetea haki za waliobaguliwa kwa miaka mingi, basi ataegemea upande mmoja.

Tafakarini uzito wa ombi lile. Waliotoa hoja hawakuonyesha neno lolote alilotamka wala hongo yoyote. Walionyesha maisha yake.

Motley alikataa, kwa maandishi. Kwa ufupi alisema hivi: ikiwa jinsia, rangi au kazi za nyuma za jaji zinatosha kumwondoa, basi hakuna jaji yeyote katika mahakama ile angeweza kuisikiliza kesi hiyo, maana wote walikuwa mawakili kabla, na kila mmoja ana jinsia yake. Someni tena kipande hicho cha mwisho mkifika nyumbani. Mpaka siku ile, mwanamume alipokaa kitini, nani aliwahi kuhesabu uanaume wake kuwa upendeleo?

Kampuni ikaenda mahakama ya rufaa kuomba aondolewe. Agosti 1975 ombi likatupwa, na jalada likabaki mezani kwake.