Engaruka: Mto Mmoja, Mashamba ya Karne Tatu

SAIDI: Karibuni tena, wasikilizaji. Leo tuko chini ya ukingo wa Bonde la Ufa, wilaya ya Monduli, mkoani Arusha, mahali paitwapo Engaruka, penye magofu ya mashamba ya kale ya mawe. Dada Rehema, wengi wanaokwenda Ziwa Natron hupapita bila hata kusimama.

REHEMA: Na inaniuma, kaka. Ukitoka Mto wa Mbu unashika njia ya kaskazini kama kilomita 60. Kushoto umeandamana na ukuta wa nyanda za juu za Ngorongoro, kulia ni tambarare kavu, na mbele unaona Kerimasi, halafu Ol Doinyo Lengai, ile volkano hai ambayo Wamasai huiita Mlima wa Mungu. Kijiji kimejibana hapo chini ya ukuta.

SAIDI: Kwa nini wakae palepale kwenye ukingo, si kule wazi?

REHEMA: Maji. Huku chini mvua ni haba, haitoshi kulima kwa kuitegemea. Inanyesha kule juu, kwenye misitu, kisha Mto Engaruka unateremka kwenye korongo na kutokeza hapo. Ukisogea mbali na ukingo, umekwisha.

SAIDI: Na watu wa kale walilijua hilo.

REHEMA: Walilijua kuliko sisi! Kuanzia karne ya 15 hivi hadi ya 18, walilima eneo la hekta zipatazo 2,000 kwa umwagiliaji. Walikinga maji juu, mdomoni mwa korongo, wakayapitisha kwenye mifereji iliyojengewa kwa mawe, ikifuata mteremko taratibu ili maji yasichimbe udongo. Chini, mashamba yamegawanywa vijisehemu vidogo kwa safu za mawe. Mawe yaliyobaki wakayarundika. Yote bila saruji wala chokaa, jiwe juu ya jiwe.

SAIDI: Kuna jambo uliniambia kuhusu udongo wenyewe.

REHEMA: Ee, hilo ndilo linalonivutia kuliko yote. Mtafiti Daryl Stump alichimba mashamba ya upande wa kaskazini akaonyesha kwamba baadhi ya kuta zile zilikuwa mitego. Maji yanakuja na tope, ukuta unalizuia, tope linatuama, kisha wanaongeza mawe juu. Kwa hiyo hawakukuta shamba tayari. Walilitengeneza, tabaka baada ya tabaka.

SAIDI: Walilima nini?

REHEMA: Mtama umepatikana kwenye uchimbaji. Na kuna mazizi ya mawe, kwa hiyo inaelekea ng'ombe walifugwa ndani na samadi ikarudishwa shambani. Makazi yenyewe yalikuwa saba, juu ya mteremko: walikata ngazi kwenye kilima, wakazishikiza kwa ukuta, wakajenga nyumba juu yake.

SAIDI: Wazungu walipopaona walisemaje?

REHEMA: Wajerumani wawili walitangulia: mpelelezi Gustav Fischer alipita mwaka 1883, na mwanajiolojia Hans Reck mwaka 1913. Mwanaakiolojia Louis Leakey alikuja mwaka 1935, akahesabu misingi ya nyumba na kukadiria watu zaidi ya 30,000. Baadaye mwanaakiolojia mwingine, John Sutton, alipinga. Alisema si nyumba zote wala mashamba yote yaliyotumika kwa wakati mmoja, kwa hiyo watu walikuwa wachache zaidi. Mimi naona Sutton ana hoja. Mto ule hauwezi kunywesha kila kipande kwa pamoja.

SAIDI: Ila watu wanapenda kusema "jiji lililopotea".

REHEMA: Na mimi silipendi neno hilo. Hakuna kasri pale, hakuna kaburi la mfalme. Kuna kazi ya wakulima waliokubaliana nani afungue maji na lini. Hilo ni kubwa kuliko kasri.

SAIDI: Walikwenda wapi, basi?

REHEMA: Wengine wanawataja Wairaki wa Mbulu, wengine Wasonjo, walioko kaskazini-magharibi. Wasonjo mpaka leo wanamwagilia kwa mifereji, na zamu ya maji inasimamiwa na wazee. Sababu ya kuondoka inabishaniwa: maji kupungua, ardhi kuchoka, Wamasai kuingia. Nadhani maji ndiyo yaliyoamua, maana vijito vingine vilivyokuwa vikilisha mashamba sasa ni vikavu.

SAIDI: Na mto mkuu?

REHEMA: Unatiririka, na watu wa Engaruka ya leo wanautumia kumwagilia mahindi na maharage. Upande wa bondeni kuna magadi, na Shirika la Maendeleo la Taifa lina mpango wa kiwanda cha magadi soda. Kiwanda kinahitaji maji. Ningependa kabla ya yote wapangaji wakae na wanaofungua mifereji kila asubuhi, wawaulize mto unabeba kiasi gani mwezi wa kiangazi.

SAIDI: Msikilizaji, ukienda, chukua mwongoza njia wa kijijini. Na usiondoe jiwe hata moja, maana linaloonekana limeanguka tu huenda ndilo ukingo wa mfereji. Kipindi kijacho tutapanda hadi kwa Wasonjo.