Somo wa Kompyuta

Wanangu mnaosoma, na dada zangu mlio kazini, asanteni kwa kufika.

Katikati ya miaka ya 1980, mwanafunzi wa Harvard aitwaye Kathy Kleiman aliona kwamba kila akipanda darasa katika masomo ya kompyuta, wasichana wanapungua. Akaanza kutafuta kama yupo mwanamke aliyemtangulia. Akakuta picha za mwaka 1946 za ENIAC, kompyuta ya awali, mtambo uliojaza chumba kizima, na wanawake wamesimama mbele yake. Alipouliza ni akina nani, aliambiwa ni wanamitindo tu, kama wale wa matangazo ya majokofu.

Walikuwa waandishi wa programu. Sita: Kay McNulty, Jean Jennings, Betty Snyder, Marlyn Wescoff, Fran Bilas na Ruth Lichterman. Pale Chuo Kikuu cha Pennsylvania hawakupewa kitabu cha maelekezo, kwani hakikuwapo. Walipewa michoro ya mtambo, wakaisoma, wakawahoji mainjinia, wakagawana kazi wawili wawili. Siku ya uzinduzi, mtambo ulipiga hesabu ya njia ya kombora na kumaliza kabla kombora lenyewe halijawahi kutua. Programu ile waliiandaa Jennings na Snyder. Wageni walistaajabu, na majina ya wanawake wale hayakutajwa.

Dhuluma ile haikuishia kwao. Miaka arobaini baadaye ilimfikia binti aliyekuwa akijiuliza kama mahali pale ni pake.

Huku pwani tuna neno: somo. Mwari hakuachwa ajifunze utu uzima kwa kubahatisha. Alipewa somo wake, mwanamke anayejulikana kwa jina, akakaa naye mkekani, akamuuliza hata yale ya kuonea haya. Mabango ya wanawake mashuhuri nayapenda, nami ninayo ofisini. Lakini bango huliulizi swali likakujibu.

Mwaka wangu wa kwanza chuoni nilihangaika wiki mbili na programu iliyokataa kufanya kazi. Niliogopa kuuliza, maana aliyeuliza alichekwa. Dada mmoja wa mwaka wa tatu akavuta kiti. Kwanza alifungua kazi zake za zamani, akanionyesha makosa yake yeye. Ndipo tukaitazama yangu. Nilikuwa nahesabu kuanzia moja. Kompyuta ilikuwa inaanzia sifuri. Dakika kumi tu, nami nilikwisha kuandika barua ya kuhama kozi.

Nairobi, mwaka 2010, wanawake vijana wa fani hii walianzisha AkiraChix, wakawa wanawafundisha teknolojia wasichana wa familia zisizo na uwezo. Mmoja wao, Angela Oduor Lungati, baadaye aliongoza Ushahidi, shirika lililozaliwa kutokana na programu ya kukusanya taarifa za ghasia za baada ya uchaguzi Kenya, mwaka 2008. Waanzilishi wale hawakungoja wazeeke ndipo wafundishe. Nawe wa mwaka wa pili, tayari unaye wa kumvutia kiti.

Karatasi ya wanaojitolea kuwa somo inapita sasa. Mlio kazini, andikeni jina na saa moja ya wiki mnayoweza kuitoa kweli. Wanangu, mtakapochagua somo wenu, msiangalie vyeo. Mtafuteni mtakayethubutu kumpigia simu usiku wa kuamkia mtihani. Kalamu ziko pale mezani, karibu na mlango.