Mti wa Kunyongea: Mhadhara Kuhusu Filamu ya Ride Lonesome

Ndugu wasikilizaji,

Filamu ninayokusudia kuizungumzia jioni hii ilitolewa na studio ya Columbia mwaka 1959. Ina urefu wa dakika 73 tu, na ilitengenezwa kwa bajeti ndogo, wakati ambapo majumba mengi ya sinema ya Marekani bado yalikuwa yakionyesha filamu mbili kwa tiketi moja. Mwongozaji wake, Budd Boetticher, alikuwa amejifunza kupigana na mafahali nchini Meksiko kabla ya kuingia Hollywood. Hadithi iliandikwa na Burt Kennedy, na nyota wake ni Randolph Scott, ambaye umri wake ulikwisha kufika miaka 60. Kati ya mwaka 1956 na 1960 Boetticher na Scott walitengeneza pamoja filamu saba za makauboi. Kwangu mimi, hii ndiyo iliyokamilika kuliko zote, na naamini kwamba uchache wa fedha ndio ulioifikisha hapo.

Tazameni kwanza kile ambacho hakimo. Hamna mji, hamna baa, hamna ofisi ya sherifu wala umati wa watu barabarani, kwa sababu kujenga mji na kulipa umati ni gharama. Kilichokuwapo bila kujengwa ni Alabama Hills, karibu na Lone Pine, California: majabali ya mviringo, chini ya safu ya milima ya Sierra Nevada, mahali ambapo studio zilikuwa zikipiga picha za makauboi tangu enzi za filamu zisizo na sauti. Mpiga picha Charles Lawton Jr. aliitandaza nchi hiyo kwenye upana wa CinemaScope, mfumo wa picha pana sana, hata wapanda farasi watano wakaonekana wadogo na wasio na pa kujificha.

Na hiyo hali ya kutokuwa na pa kujificha ndiyo hadithi yenyewe. Ben Brigade, anayechezwa na Scott, amemkamata kijana muuaji aitwaye Billy John na anampeleka Santa Cruz akanyongwe. Katika kituo cha kubadilishia farasi anakutana na Bi Lane, ambaye mumewe hajarudi, na wanaume wawili, Boone na Whit, wanaomtaka mfungwa yuleyule, kwa kuwa serikali imeahidi kumsamehe makosa yake yeyote atakayemkabidhi. Boone anamwambia Brigade waziwazi kwamba kabla safari haijaisha itambidi amwue. Anayasema hayo kwa heshima, karibu kwa huzuni, na Pernell Roberts anamcheza vizuri kiasi kwamba mtazamaji anajikuta akiwatakia heri wote wawili, ingawa haielekei kuwa wote wataipata.

Lakini kwa nini Brigade anasafiri polepole, tena mahali pa wazi? Boone ndiye anayeng'amua: Billy ni chambo. Anayewindwa ni kaka yake, Frank, ambaye miaka mingi nyuma alimnyonga mke wa Brigade kwenye mti mmoja, na ni kwenye mti huohuo Brigade anakomngojea. Frank, anayechezwa na Lee Van Cleef, anapolikumbuka tendo lile, anakiri kwamba alikuwa karibu amelisahau. Sijui katika filamu za aina hii tamko linaloumiza zaidi. Mtu mmoja ameyatoa maisha yake yote kwa ajili ya siku ile, na mwenzake ilikuwa imekwisha kumtoka akilini.

Upande wa pili wa uzito huo ni Whit, jukumu la kwanza la James Coburn katika sinema. Boone anapomwambia kwamba watagawana ranchi nusu kwa nusu, Whit anashangaa kugundua kuwa rafiki yake anampenda. Ni mazungumzo mafupi ya watu wawili, na yamenigusa kuliko mapigano mengi ya gharama kubwa.

Lipo dosari ambalo sitalifunika. Wamescalero, watu wa kabila la Waapache, wanaonyeshwa kama tishio tu, bila nafsi zao. Kiongozi wao anataka kumpata Bi Lane kwa kubadilishana na farasi, na mama huyo anamtambua mnyama: ni farasi wa mumewe. Tukio limepangwa kwa ustadi mkubwa, lakini ustadi wote umewekwa upande mmoja wa mkutano ule, na nchi hiyo ilikuwa yao.

Filamu za namna hii hazikudumu. Hukumu ya Mahakama Kuu ya Marekani ya mwaka 1948 ilikuwa imekwisha kuvunja umiliki wa studio juu ya majumba ya sinema, na mfumo uliozilisha filamu za bei nafuu ukadhoofika. Makauboi wakahamia kwenye televisheni. Roberts mwenyewe, miezi michache baada ya Ride Lonesome kutolewa, alianza kuonekana kila wiki katika tamthilia ya Bonanza, na mtazamaji aliyempenda Boone hakuhitaji tena kununua tiketi ili kumwona.